Punje nyeusi na maji ya mrututu

Niko mwaka wa mwisho wa kemia hapa Dar es Salaam, na mradi wangu ni kutengeneza punje za kunasa shaba kwenye maji. Kwetu Rombo nimekulia kwenye kahawa inayopigwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, kwa hiyo nilipoambiwa nichague metali moja nzito sikusita.

Mkaa wa vifuu nilishaujaribu peke yake. Niliutwanga kwenye kinu hadi ukawa vumbi, ukapenya kitambaa na kuniachia maji meusi. Kitosani, kemikali ya asili inayotoka kwenye maganda ya kamba wa baharini, inaishika shaba vizuri kwa nitrojeni yake, ila punje zake huwa laini mno. Nikaona nivichanganye: kitosani ishike vumbi, mkaa uipe mwili.

Maganda niliyapata Feri, soko la samaki. Mama muuza kamba alinijazia mfuko bure: "Beba yote mwanangu, umenipunguzia kazi ya kutupa." Kwenye daladala kila mtu alifungua dirisha lake. Maabara niliyaloweka kwenye asidi ya haidrokloriki kuondoa chokaa (yalitoka povu ajabu), kisha kostiki soda nyepesi kuondoa protini, kisha kostiki ya asilimia 50 kwenye nyuzi 100 kwa saa kadhaa. Hapo vaa glavu na miwani. Kostiki ya moto haina utani.

Kitosani iliyopatikana niliiyeyusha kwenye asidi ya siki ya asilimia 2, nikakorogea mkaa, nikaivuta kwa bomba la sindano na kuidondosha tone tone ndani ya kostiki. Kila tone liliganda papo hapo, jeusi na duara, kama mbegu ya papai.

Nikazitia punje kwenye maji yenye gramu 1 ya mrututu kwa lita. Asubuhi nikakuta maji meupe pe! Nikamwita msimamizi wangu. Akainamisha chupa, akachungulia: "Na haya masimbi ya buluu huku chini?"

Sikuwa nimeziosha punje vya kutosha. Kostiki iliyojificha ndani ilivuja, ikapandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua), shaba ikageuka haidroksaidi isiyoyeyuka na kutuama yenyewe. Nilichokuwa nashangilia ni kazi ya kostiki.

Nikatengeneza nyingine. Kuziosha tu kulikula nusu siku, ndoo baada ya ndoo, hadi karatasi nyekundu ya litmasi ikakataa kugeuka buluu, yaani kostiki imekwisha. Maji nikayaweka pH 5, ambapo shaba haitui, na pembeni nikaweka chupa ya maji yale yale bila punje, iwe shahidi. Kila saa nilichota kidogo na kuongeza amonia, maana shaba ikikutana na amonia hutoa buluu iliyokoza. Shahidi hakubadilika. Ya punje ilififia saa hadi saa. Kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) kwa maji ya kunywa ni miligramu 2 za shaba kwa lita, na kwa kiwango hicho jicho langu siliamini, kwa hiyo sampuli nimezipeleka zikapimwe kwa mashine.

Kinachonitesa sasa ni kuzitumia tena. Nilizitia kwenye asidi ziachie shaba, kitosani ikayeyuka, nikabaki na uji mweusi. Dawa yake ni kuifunga kwa glutaraldehidi, kemikali inayounganisha nyuzi zake zisiyeyuke, lakini nayo inakamata nitrojeni ile ile ninayoitegemea. Kundi la tatu nimepunguza glutaraldehidi nusu. Ziko kwenye asidi tangu jana. Leo mchana nilizichungulia, bado ni duara.