Kabla ya kununua boza la samadi, pima kilima

Mtu akienda kutafuta boza la slari, yaani tangi la kuvutwa na trekta la kubebea samadi ya majimaji inayotoka bandani, muuzaji humuuliza kwanza anataka lita ngapi, halafu trekta lake lina nguvu za farasi ngapi. Maswali hayo yanafaa ila hayatoshi. Boza la lita 5,000 likijaa linakaribia tani 7, na huku nyanda za juu za Kenya, kuanzia Limuru hadi Ol Kalou, shimo la samadi mara nyingi liko bondeni na shamba la nyasi za nepia liko juu kilimani. Kazi itafanyika au itakwama kulingana na uzito wa trekta, mshiko wa matairi na breki. Farasi wahesabiwe baadaye.

Tuanze na kiasi cha slari, maana hapo ndipo watu hununua boza kubwa kuliko haja yao. Ng'ombe wa maziwa hutoa kinyesi na mkojo wenye uzito wa takriban asilimia 8 ya uzito wake kila siku. Wa kilo 450 basi ni kama lita 36. Kwa kila ng'ombe ongeza lita 25 za maji ya kuosha banda na sehemu ya kukamulia, na ng'ombe 40 watakupa karibu lita 2,400 kwa siku, au lita 216,000 kwa miezi mitatu. Sasa tazama mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa na ua vya mita za mraba 500, visivyo na mifereji, vikipata milimita 400 za masika vitamwaga lita 200,000 shimoni. Kazi yako imekuwa karibu mara mbili kwa maji ya mbinguni! Mifereji ya mabati ni rahisi kuliko boza lolote, kwa hiyo ifungwe kwanza.

Baada ya hapo, hesabu safari. Shamba likiwa kilomita moja kutoka shimoni, safari moja ya kujaza, kwenda, kumwaga na kurudi huchukua kama nusu saa, boza liwe dogo au kubwa, kwa kuwa muda mwingi huishia njiani na kwenye kugeuza. Kwa lita 216,000, boza la lita 3,000 litahitaji safari 72, yaani saa 36. La lita 5,000 litahitaji 44, yaani saa 22. Tofauti ni siku mbili za kazi kila baada ya miezi mitatu. Kwa siku mbili hizo wengine hununua boza linalowalazimisha kubadilisha trekta pia.

Kupima kilima hakuhitaji mtaalamu. Bomba angavu la maji, lile la fundi mwashi, na kamba ya mita 10 vinatosha: ukikuta tofauti ya kimo ya mita moja kati ya ncha mbili za kamba, mwinuko ni asilimia 10. Pima pale palipo pakali zaidi, usipime wastani wa njia nzima.

Chukua trekta la kawaida la farasi 75 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, lenye uzito wa tani 2.8. Mlima wa asilimia 10 hurudisha nyuma sehemu moja ya kumi ya uzito wote, na udongo wenyewe, hata ukiwa mkavu kiasi, huongeza kama asilimia 7. Boza la lita 5,000 lililojaa ni tani 6.8, pamoja na trekta ni 9.6, na asilimia 17 yake ni tani 1.6. Hiyo ndiyo nguvu ambayo matairi ya nyuma lazima yaisukume ardhini. Ekseli ya nyuma ya trekta hilo hubeba kama tani 1.8, na boza huikandamiza kwa tani nyingine 0.8 hivi kupitia mkono wa kuvutia. Tairi kwenye udongo mgumu mkavu hushika kwa takriban nusu ya uzito ulio juu yake, kwa hiyo mshiko ni tani 1.3. Haifiki. Trekta halitazimika wala kutoa moshi mweusi. Litazungusha matairi na kuchimba mahandaki papo hapo, huku dereva akiamini amepungukiwa farasi.

Kwa boza la lita 3,000, lenye tani 4.2 likijaa, hesabu inakuwa 1.2 dhidi ya mshiko wa 1.15. Bado kidogo. Tia maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu. Kwa saizi ya 16.9-30 kila tairi hubeba zaidi ya lita 200, na mshiko unapanda hadi kama 1.35. Sasa unapanda, mradi udongo ni mkavu. Ukilowa, mshiko hushuka hadi theluthi moja ya uzito au chini yake, na hapo hata trekta linalosukumwa na magurudumu yote manne likivuta boza la lita 5,000 litashindwa mlima huohuo. Udongo mweusi wa mfinyanzi haumjali mtu. Vyuma vya uzito navyo vifungwe mbele, maana boza hunyanyua pua ya trekta. Angalau sehemu moja ya tano ya uzito wa trekta ibaki kwenye ekseli ya mbele, la sivyo usukani unakuwa pambo.

Kuna jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare havilitaji: kimo. Kwenye takriban mita 2,400 juu ya bahari, robo ya kanieneo ya hewa haipo. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo farasi 75 wa karatasini wanabaki kama 57. Pampu ya boza nayo hainyonyi slari kwa kuivuta. Huondoa hewa ndani ya tangi, kisha hewa ya nje ndiyo inayoisukuma slari iingie. Hewa ikiwa pungufu, kina cha kunyonya kinapungua. Panga shimo ili uso wa slari usiwe zaidi ya mita 2 hadi 2.5 chini ya mdomo wa boza, na utaepuka ugomvi mwingi na pampu isiyo na hatia.

Boza linalotisha zaidi ni lile lililojaa nusu. Likipanda mlima, slari hukimbilia nyuma, mkono wa kuvutia unakuwa mwepesi, na matairi ya trekta hupoteza uzito yaliokuwa yakiutegemea. Likishuka, mzigo wote hukimbilia mbele na kusukuma. Kwa hiyo ingiza tochi kwenye mfuniko wa ukaguzi uone kama tangi lina kuta za ndani za kuvunja mawimbi. Tangi lililotengenezwa mtaani kutokana na boza kuukuu la mafuta linaweza kuwa nazo au lisiwe nazo. Usikubali neno la muuzaji.

Kuhusu breki, matrekta mengi ya zamani hayana vali ya breki za trela. Mafundi hupenda kuunganisha bomba la breki kwenye vali ya kawaida ya haidroliki, ile ya kuinulia tela. Mpangilio huo hauna kiasi: ama hakuna breki, ama magurudumu yamefungwa kabisa, na dereva anaweza kukanyaga breki akasahau kuvuta kijiti cha vali hiyo. Dai vali inayofuata kanyagio la breki. Boza lisilo na breki lisizidi uzito wa trekta likijaa, na pakiwa na miteremko mikali liwe pungufu ya hapo. Gia ndogo ichaguliwe juu, kabla ya kushuka. Ukikanyaga klachi katikati ya mteremko umelikabidhi boza usukani.

PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha pampu, ni ya mizunguko 540 kwa dakika, hilo halina shida. Shida ni klachi. Trekta lenye klachi ya hatua moja likisimamishwa, pampu nayo inasimama, na kanieneo iliyo tangini inaanza kushuka ukiwa kwenye kona. Tafuta klachi ya hatua mbili, ambapo nusu ya kanyagio husimamisha magurudumu peke yake, au PTO yenye klachi yake. Kifuniko cha plastiki cha shafti kiwe kizima na minyororo yake ifungwe. Koti la mvua likinaswa na shafti inayozunguka, hakuna muda wa kupiga kelele.

Pampu yenyewe ni ya mapanga yanayoteleza kwenye njia zake, na uhai wake ni oili. Angalia matone kwenye kioo cha kulainishia kabla ya kila siku ya kazi. Kati ya tangi na pampu lazima pawe na vali yenye mpira wa mviringo unaoelea na chombo cha kunasa maji, kwa sababu slari ikifika kwenye mapanga itayakwamisha. Kujaza kukichukua dakika 10 badala ya 3 au 4, usikimbilie kununua pampu. Kagua kwanza mipira ya kuziba kwenye maungio ya bomba, kisha mfuniko wa nyuma. Hewa inayovuja hapo ndiyo chanzo cha kawaida. Chanzo cha pili ni mabua ya nepia yasiyokatwa vizuri: bomba la inchi 4 huziba nayo haraka, la inchi 6 hustahimili zaidi. Slari yenye zaidi ya asilimia 10 ya vitu vikavu haitatembea vizuri, hivyo ikorogwe na kuongezwa maji ya kuoshea.

Wakati wa kukoroga, watu na mifugo wakae mbali na upande ambako upepo unaelekea. Gesi inayotoka ni nzito kuliko hewa, na ikizidi hupumbaza pua usinuse tena harufu yake. Hakuna anayeingia tangini au shimoni, hata kumwokoa mwenzake, bila kifaa cha kupumulia.

Matairi ya lori kuukuu ni ya bei nafuu na yanafaa barabarani. Shambani, yakiwa na upepo mwingi na tani 3 kila moja, hukata mfereji na kuugandamiza udongo chini. Kama boza litaingia kwenye nyasi mara nyingi, lipia matairi mapana ya aina ya 550/60-22.5.

Likishanunuliwa, pima umwagaji siku ya kwanza. Boza la lita 3,000 likimwaga upana wa mita 8 na kuisha baada ya mita 120, limefunika mita za mraba 960, sawa na lita 12,600 hivi kwa ekari. Ukitaka kupunguza, panda gia moja bila kugusa mizunguko ya PTO. Jioni, nyonya maji safi ya kusuuza tangi, kisha uipe pampu dizeli kidogo inywe ili ioshe mapanga, umalizie na oili, halafu uache vali zote wazi.