Kijarida cha kurasa 16 bila stepla ya mkono mrefu

Kila niliyemuuliza alinitajia stepla ya mkono mrefu, ile inayofika hadi kwenye mkunjo wa katikati, kana kwamba bila hiyo kijarida hakifungiki. Ile ya kituo chetu cha jamii haikuwa ikifanya kazi, basi toleo zima nimelifunga kwa stepla ya kawaida ya mezani, na hakuna nakala iliyoachia.

Mpangilio kwanza, maana hapo ndipo karatasi nyingi huharibika. Karatasi nne za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 16 za A5. Achana na kompyuta kwa muda: kunja karatasi nne tupu, zipachike pamoja, andika namba za kurasa kwa penseli, kisha zitenganishe. Ya nje ina 16 na 1 upande mmoja, 2 na 15 upande wa pili. Kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi jumla yake ni 17 daima, na namba witiri hukaa kulia. Jumla ikikataa, kuna ukurasa umekaa pabaya.

Vipande vya maandishi na picha unavyobandika kwenye kurasa huacha mistari ya kivuli kwenye fotokopi. Toa nakala moja, ifute mistari kwa wino mweupe wa kusahihishia, halafu hiyo ndiyo uitolee nyingine zote. Ukitoa nakala pande mbili, karatasi igeuzwe kwa ukingo mfupi, la sivyo nyuma inatoka kichwa chini miguu juu.

Sasa stepla. Fungua kijarida, jalada likitazama juu, ukilaze kwenye boksi nene la kadibodi. Bana kingo kwa vibanio zisihame. Tanua stepla mpaka kitako chake kitoke njiani, weka kichwa juu ya mkunjo wenyewe, sentimita 5 hivi kutoka ukingo wa juu, ugonge kwa kiganja. Pini inazama ndani ya kadibodi bila kujikunja. Rudia chini. Inua taratibu, kwa sababu ukivuta kwa pupa pini inabaki kwenye boksi. Geuza, laza miguu ya pini kwa mgongo wa kijiko. Wanaotumia godoro la sponji wanajitesa: linabonyea, pini inaingia mshazari.

Karatasi za ndani zitachomoza kidogo ukishakunja. Kata ukingo kwa rula ya chuma na kisu kikali, ukipitisha mara kadhaa kwa wepesi. Jalada jeusi tii usilipende sana: tona, yaani wino wa unga wa fotokopi, humeguka kwenye mkunjo.