Alan Marlatt na glasi ya vodka isiyo na vodka

Alan Marlatt alizaliwa Vancouver, Kanada, mwaka 1941, na kwa miaka mingi alifundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Alifariki 2011. Jaribio lake la 1973 anapaswa kulijua kila anayemuuguza mraibu wa pombe.

Aliwagawa wanywaji, waraibu na wasio waraibu, makundi manne. Wapo walioambiwa wanapewa vodka, wakapewa kweli. Wengine waliambiwa vodka, kumbe toniki tupu, soda yenye uchungu kidogo isiyo na pombe. Wapo walioambiwa toniki huku vodka imo, na wa mwisho toniki kwa toniki. Mchanganyiko ulikuwa sehemu 1 ya vodka kwa 5 za toniki, ulimi usitambue. Wakaachiwa waonje watakavyo. Walioamini ni pombe ndio waliokunywa zaidi, iwe imo au haimo. Hata waraibu wenyewe!

Kilichowasukuma ni imani kuliko pombe yenyewe. Kwa hiyo aliyeacha akionja kidogo, hatari kubwa ni ile kauli ya "nimeshaharibu, acha nimalize chupa". Marlatt alifundisha kuichukulia hamu kama wimbi: usishindane nalo, lisikilize linavyopanda mwilini, linavimba, kisha linashuka lenyewe. Mtu akiteleza, msimseme. Kaeni naye mapema, mfuatilie pamoja: alikuwa wapi, na nani, na moyoni alikuwa na nini kabla ya glasi ile.