Saa ya Seva, Daftari la Malalamiko na Maji ya Bamvua

Daftari la malalamiko la ofisi yetu hapa Mtwara mjini ni daftari la kawaida lenye jalada gumu, nalo hukaa kwenye meza ya mapokezi karibu na simu. Katika miezi miwili ambayo sitaisahau, kurasa zake zilijaa maneno yaleyale: “Mtandao umekata, saa 2.” “Chikongola hakuna intaneti, saa 2 kasoro.” “Msangamkuu tena, saa 5.” Sisi ni watoa huduma wadogo. Tunanunua intaneti kwa jumla kutoka kwa mtoa huduma mkubwa anayeileta kwa mkongo kutoka Dar es Salaam, kisha tunaisambaza kwa antena za masafa ya 5 GHz kwa nyumba, maduka, nyumba za wageni na ofisi za wanunuzi wa korosho. Mafundi tupo wawili tu, mimi na mwenzangu ambaye ni mdogo kwangu kwa umri lakini ana mkono mwepesi kuliko wangu katika kazi za juu ya mnara.

Naandika haya kwa ajili ya mafundi wenzangu walioko katika miji midogo, kwa sababu muda mrefu tuliopoteza haukupotea kwa kukosa vifaa wala utaalamu. Ulipotea kwa sababu hatukujua hitilafu ilitokea saa ngapi.

Tulianza kama wengi wanavyoanza, yaani kwa kubadilisha vitu. Tulibadilisha swichi, tukavuta kebo mpya kutoka kwenye mnara hadi chumba cha seva, tukaweka ruta ya akiba mahali pa ile ya zamani, na siku moja tulifanya yote matatu kabla ya adhuhuri. Mtandao ulitulia siku nne, ukakatika tena, na hapo hatukuweza kusema ni lipi kati ya hayo matatu lilikuwa limesaidia, kama kweli lipo lililosaidia. Kisha tukafanya kosa la gharama zaidi. Tuliona “saa 2” imeandikwa mara nyingi kuliko saa nyingine yoyote, tukaichukua kuwa saa mbili usiku, wakati ambao familia zimerudi nyumbani na kila simu iko mtandaoni, tukaamua kwamba wateja wamezidi uwezo wa njia yetu. Tuliongeza kipimo cha intaneti tunachonunua kwa mwezi. Malalamiko hayakupungua hata moja.

Usiku mmoja nililichukua lile daftari nikalilaza kando ya logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio ambazo seva hujiandikia, nikaanza kuoanisha mstari kwa mstari. Haukupita muda nikagundua kwamba nilikuwa nasoma saa za aina nne. Daftari liliandikwa kwa saa za Kiswahili, mara nyingi bila kutaja asubuhi au usiku. Seva iliandika kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mwenzangu alizoea kuandika kwa mtindo wa saa 24. Ruta za minarani, ambazo hazina betri ya kutunza saa, kila zilipozimika na kuwaka zilianza kuhesabu upya kutoka tarehe 1 Januari 1970, na baadhi yake zilikuwa bado ziko huko.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo imenisaidia sana, na ninashangaa sikuwahi kufundishwa na mtu. Ukitaka kugeuza saa ya UTC kuwa saa ya kwetu ya saa 24, unaongeza tatu. Lakini ukitaka saa ya Kiswahili moja kwa moja, unatoa tatu, na jibu likizidi kumi na mbili unaondoa kumi na mbili, likiwa sifuri au chini yake unaongeza kumi na mbili. Logi ikisema 08:00, basi ni saa tano asubuhi. Ikisema 17:00, ukitoa tatu unapata kumi na nne, ukiondoa kumi na mbili unabaki na saa mbili usiku. Karatasi yenye hesabu hiyo sasa imebandikwa ukutani mapokezi, na safu mpya imeongezwa katika daftari: asubuhi, mchana, jioni, usiku, alfajiri.

Nilipomuuliza dada wa mapokezi ni saa mbili ipi aliyokuwa akiandika, alinijibu bila kusita: “Kaka, si saa mbili asubuhi? Ndiyo saa ninayofungua ofisi, na simu huwa tayari inalia.” Kwa hiyo kile tulichokiita wakati wa msongamano wa usiku kilikuwa ni wakati wa kufungua mlango. Saa iliyoandikwa ilikuwa ni ya lalamiko kupokewa, na hitilafu yenyewe ilikuwa imekwisha kutokea zamani, watu wakiwa wamelala.

Ilibidi basi seva yenyewe iseme ilikwama lini, nayo haikuweza, kwa sababu logi zake zilikuwa na tarehe za mwaka 2012. Seva yetu ni ya mtumba, tuliinunua ikiwa na miaka kadhaa ya kazi, na ile betri ya duara iliyo kwenye bodi kuu, aina ya CR2032, haikuwahi kubadilishwa. Betri hiyo ikiwa nzima hutoa volti 3. Ya kwetu ilisoma volti 1.1 kwenye mita. Maadamu umeme upo, saa ya seva huenda vizuri hata betri ikiwa imekufa. Lakini kila seva ilipokwama, aliyefika kwanza ofisini alichomoa waya wa umeme na kuurudisha, na kwa kitendo hicho saa ilifutika. Sisi tulidhani tunalindwa na programu inayosawazisha saa kupitia mtandao, na kumbe programu hiyo, kwa mpangilio wake wa kawaida, ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000 hukataa kurekebisha na kujizima, kwa kuwa hudhani kuna jambo baya zaidi. Upo mpangilio wa kuiruhusu kufanya marekebisho makubwa mara moja inapoanza, nasi hatukuwa tumeuweka.

Nilibadilisha betri, nikaweka mpangilio huo, nikazielekeza ruta zote zichukue saa kutoka kwenye seva, kisha nikamwomba mwenzangu tusiguse kitu kingine chochote kwa wiki mbili. Kwake hilo lilikuwa gumu, na kwangu pia, kwa sababu wateja walikuwa wanapiga simu na sisi tumekaa tunaandika.

Wiki mbili zilipokwisha, malalamiko yaligawanyika yenyewe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilihusu wateja wote kwa pamoja, na chanzo chake kilikuwa seva kuganda kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Fungu la pili lilihusu Msangamkuu peke yake, nalo halikuwa na saa maalumu.

Nieleze kidogo kwa nini seva moja ikiganda mji mzima hulalamika. Seva hiyo ndiyo inayothibitisha majina na nywila za wateja wanapoingia mtandaoni, na ndiyo inayojibu maswali ya DNS, yaani kugeuza jina la tovuti kuwa namba. Aliyekwisha kuingia kabla haijaganda haondolewi, na akiipima anwani ya namba, kwa mfano 8.8.8.8, atapata majibu kama kawaida. Lakini akiandika jina la tovuti hapati kitu, na aliyewasha ruta yake asubuhi hawezi hata kuingia. Wote wawili watakuambia kwa simu kwamba mtandao umekata. Siku hizi swali la kwanza tunalomuuliza mteja ni kama alikuwa ndani tayari au ndiyo kwanza anaingia.

Seva za aina hii hutunza orodha ya matukio ya vifaa mbali na logi za kawaida, na tulipoisoma ikiwa na saa sahihi tulikuta makosa ya memori yakirundikana usiku, yote yakitaja tundu namba 3 kati ya matundu ya kuchomekea memori. Mengi yalisahihishwa na memori yenyewe, lakini lile ambalo halisahihishiki ndilo lililoigandisha. Nilihamisha kipande cha memori kutoka tundu la 3 kwenda la 6, na cha la 6 nikakileta la 3. Kama makosa yangehamia la 6, kipande ndicho kibovu. Yalibaki la 3, kwa hiyo kipande kilikuwa kizima na tatizo lilikuwa kwenye tundu. Jaribio hili halina gharama yoyote, na lilituokolea fedha ambazo tayari tulikuwa tumezitenga kununua memori mpya.

Nililimulika lile tundu kwa tochi ya kichwani. Ndani yake, upande ulioelekea feni, miguu midogo ya dhahabu kama sita hivi ilikuwa na utando mwembamba wa rangi ya kijani iliyofifia, na katikati ya miwili kulikuwa na chembe nyeupe, ndogo kuliko punje ya sukari. Chumba chetu cha seva kina dirisha linalotazama baharini. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75, na kwa mkaaji wa pwani hii hakuna haja ya kueleza ni siku ngapi katika mwaka unyevu unavuka kiwango hicho. Chumvi iliyolowa ni njia ya umeme, na pia hula chuma. Halafu kulikuwa na jambo la kiyoyozi: mlinzi alikuwa ameagizwa akizime saa nne usiku ili kuokoa uniti za LUKU, na kwa ukarimu wake akafungua dirisha ili mashine zipate hewa. Chumba kilipanda joto taratibu, vyuma vikatanuka, na mguso uliokuwa dhaifu tayari ukaachia karibu na alfajiri.

Nilisafisha kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 siitumii kwenye bodi, kwa sababu sehemu iliyobaki ni maji. Mafundi wengi hufuta miguu ya memori kwa ufutio wa shule. Nami nilifanya hivyo miaka mingi, na nimeacha, kwa kuwa ufutio hukwangua dhahabu na kuacha vumbi lake ndani ya tundu. Niliacha jaribio la memori liende usiku kucha na halikupata kosa hata moja. Dirisha limezibwa kwa ubao na silikoni, na kiyoyozi hakizimwi tena. Uniti zinazoongezeka kwa mwezi ni chache kuliko kile kipimo cha ziada tulichokuwa tumekinunua bure.

Limebaki la Msangamkuu. Antena yetu ya huko inaonana na mnara wetu juu ya maji ya ghuba, na nguvu ya mawimbi ilikuwa inashuka kutoka −61 dBm hadi −84 dBm (namba ikiwa mbali zaidi na sifuri, wimbi ni dhaifu zaidi), inakaa hapo dakika kumi au ishirini, kisha inarudi. Tulishuku plagi ya kebo imeingia maji, lakini hesabu ya pakiti, yaani vipande vya data, zilizoharibika kwenye poti ya kebo hiyo ilikuwa sifuri. Tulipozipanga saa za kukatika, kila siku zilikuwa zimesogea mbele kwa dakika kama hamsini, na kuna siku hazikuonekana kabisa.

Nilivuka kwa kivuko kwenda kuiangalia antena. Mzee mwenye nyumba tulipoifunga alinipokea, nikamwamkia, naye kabla sijafungua mkoba akaniambia: “Mwanangu, hiki chombo chenu hakipendi bamvua. Maji mafu kinakaa vizuri.” Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu ni siku za katikati, tofauti inapokuwa ndogo. Zile dakika hamsini zetu zilikuwa mwendo wa maji ya bahari. Yeye alikuwa ameliona hilo bila grafu. Wimbi la redio huenda moja kwa moja hadi antena ya pili, na jingine hugonga uso wa bahari na kufika likiwa limechelewa kidogo. Kwa masafa tunayotumia urefu wa wimbi ni sentimita 5 hivi, kwa hiyo bahari ikipanda au kushuka mita tatu wakati wa bamvua, mawimbi hayo mawili hupishana na kuuana zaidi ya mara moja kati ya maji kupwa na maji kujaa. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na huenda yasifikie pale yanapouana.

Tuliishusha antena ya Msangamkuu na kuirudisha nyuma ya ufuko, kwenye mlingoti mfupi, ili mahali wimbi la redio linapogonga pawe kwenye mikoko, ambayo hutawanya mawimbi, badala ya maji yaliyotulia kama kioo. Tulingoja mwezi mpevu, tukangoja na mwezi mwandamo. Nguvu ilishuka hadi −66 dBm na haikwenda chini ya hapo.

Saa zilizooana zilitufaa hata kwa jambo lisilo letu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zinazolisha Afrika Mashariki zilipopata hitilafu, tuliweza kumwambia mteja ndani ya dakika chache kwamba njia hadi Dar es Salaam ni nzima na kinachokwama kiko mbele ya hapo. Hakuna aliyepanda mnara siku hiyo.

Betri mpya ya seva nimeiandikia tarehe yake kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa kifuniko, mwenzangu asome atakapokifungua.