Sijauliza futi

Mama Baraka ameanza ile kazi ya usiku, gari la shemeji limetengemaa, Baraka kapangwa besi ya kwanza kwenye besiboli. Wiki ndiyo hiyo. Kichwani nimebaki na yule mzee wa bendi, wa ukumbi wa American Legion (chama cha askari wa zamani), niliyewaandikia mwezi wa tano.

"Kutoka kibao cha nyumbani, pale mpigaji anaposimama, mpaka besi ya kwanza, hatua ngapi?"

"Futi 90, mzee."

"Sijauliza futi."

Akageuka, akaendelea kufuta tarumbeta lake.

Sijauliza futi! Basi nikapiga hesabu. Hatua ya gwaride la jeshi la Marekani ni inchi 30, mwendo hatua 120 kwa dakika. Futi 90 ni inchi 1,080, kwa hiyo hatua 36, sekunde 18. Bendi nyingi za shule hupiga hatua 8 kwa kila yadi 5, maana uwanja wa futiboli yao una mistari kila yadi 5. Hatua inakuwa inchi 22.5, na wao watafika besi kwa 48. Si angenitajia tu yakaisha?

Usiku ndipo nikaelewa anauliza nini: bendi ikipiga gwaride kwenye uwanja wa besiboli, igeuke wapi. Nyimbo za gwaride huenda kwa vifungu, na hatua 32 zinamaliza kifungu kizima. Besi bado iko hatua nne mbele! Bendi ikikata kona hapo, buti zinakanyaga mstari wa chokaa na kuchimba udongo uliokwisha kusawazishwa, na mpira wa kwanza unaoviringika unadundia usoni mwa mtoto. Kwa hiyo tarumbeta zinanyamaza, ngoma peke yake zinajaza zile nne, ndipo mnageuka: wa ndani anakanyaga papo hapo, wa nje anarefusha. Na njia yote mnapita nje ya mstari. Nilicheka peke yangu jikoni.

Kumbe kwake bendi na besiboli ni kitu kimoja. Legion ilianzishwa 1919 na askari wa vita ile ya kwanza ya dunia, na besiboli yao ya vijana ikaanzia Milbank, South Dakota, 1925. Kwetu hapa Iowa, Bob Feller wa Van Meter alichezea timu ya Legion ya Adel, na 1962 akawa wa kwanza kutoka ligi hiyo kuingia Jumba la Heshima la besiboli. Mzee humtaja kama sisi tunavyomtaja mkimbiaji wetu Filbert Bayi.

Lile tarumbeta nimepewa nilifungue. Ni la zamani, lina pistoni moja tu, imelala, unaibonyeza kwa kidole gumba. Imegoma kwa sababu kuna mtu aliitia mafuta ya kupikia, yakagandia. Dawa yake maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo (ya moto yanabambua rangi ya juu), kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha matone matatu ya mafuta ya pistoni. Koleo usiiguse, bomba litapinda. Ngoma yao ya ngozi ya ndama nayo imelegea kwa unyevu wa kiangazi. Hiyo sikuhitaji kufundishwa na mtu, ngoma ya ngozi unaipasha moto.

Jumamosi nampelekea 36 yake.

Bibi wa Ujiji hajapokea simu tangu Jumanne. Mara ya mwisho alisema maji ya ziwa yamefika karibu na jiko.