Wajina wa Marehemu Kaka Yake

Novemba mwaka 2009 nilimsindikiza mama mkwe wangu hadi Leeuwarden, mji mkuu wa jimbo la Friesland kaskazini mwa Uholanzi, kwa sababu ya tofauti ya miaka minne iliyokuwa ikininyima usingizi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 81, nami nilikuwa nimeolewa na mwanawe kwa miaka tisa. Mkobani mwake alikuwa amebeba daftari la jalada gumu ambalo marehemu kaka yake alilijaza nasaba ya upande wa baba yao, kizazi baada ya kizazi, kuanzia yeye mwenyewe na kurudi nyuma hadi kwa mkulima mmoja aliyebatizwa mwaka 1771. Kaka huyo alitumia likizo nyingi katika kazi hiyo, na mama mkwe alilitunza daftari kama watu wa kwetu Pangani wanavyotunza msahafu wa marehemu baba, limeviringishwa katika kitambaa safi na kuwekwa juu ya kabati pasipofikiwa na watoto.

Nililifahamu daftari hilo kwa sababu ya mtoto wa jicho. Mwaka ule macho ya mama mkwe yalikuwa yamefifia, na jioni aliniomba nimsomee. Kiholanzi nilikuwa nakisema vizuri, lakini mwandiko wa zamani ulinilazimu niende polepole, neno kwa neno, na ndivyo nilivyoziona nakala zilizobandikwa katikati ya daftari, ambazo nadhani kila mtu mwingine alizipita haraka. Zilikuwa nakala za hati za ndoa ya mwana wa mkulima huyo, ya mwaka 1831. Zamani Uholanzi haikutosha bwana harusi kujitokeza tu mbele ya msajili. Alipaswa kuleta cheti cha kuzaliwa au kubatizwa kwake, cheti cha kifo cha mzazi aliyekwisha kufariki, na cheti cha kuthibitisha kwamba ametimiza sharti la jeshi la akiba. Hati hizo hufungwa pamoja na kuhifadhiwa, na kwa anayetafuta nasaba ni hazina kuliko cheti chenyewe cha ndoa.

Cheti cha jeshi ndicho kilichonishika kwanza, kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na picha na karani alimweleza kijana kwa maneno: uso wa mviringo, paji la uso pana, macho ya buluu, pua ndogo, nywele na nyusi za rangi ya kimanjano, na mwishoni, penye nafasi ya alama za kumtambulisha, makovu ya ndui. Urefu wake uliandikwa el moja, palm sita na duim sita. Wakati huo Waholanzi walikuwa wameanza kutumia vipimo vya mita lakini walivibakizia majina ya kale, kwa hiyo el ilikuwa mita moja, palm, yaani kiganja, ilikuwa sentimita kumi, na duim, yaani kidole gumba, ilikuwa sentimita moja. Nilimsomea mama mkwe sehemu hiyo mara tatu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba pua ile ilikuwa ya baba yake.

Hati iliyofuata ilikuwa ya kifo cha baba wa kijana huyo, mkulima yule yule wa mwisho katika daftari. Alifariki mwaka 1829, na karani aliandika kwamba alikuwa na umri wa miaka 54. Aliyebatizwa mwaka 1771 angekuwa na miaka 58. Pembeni, kwa penseli, kaka alikuwa ameandika maneno mawili tu: karani amekosea. Makarani walikosea kweli, maana umri wa marehemu ulitajwa na jirani au ndugu aliyekwenda kutoa taarifa, na mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Hata hivyo, kosa la miaka minne kamili lilinitia shaka, na jambo hilo nilishindwa kuliacha.

Mama mkwe hakulipokea vizuri mwanzoni. Kaka yake alikuwa amekufa, na kumkosoa marehemu ambaye hawezi kujibu ni jambo zito kwao kama lilivyo kwetu. Wiki mbili baadaye alinipigia simu mwenyewe na kusema, “Binti yangu, twende tukaangalie. Kama yuko sahihi tutakuwa tumemfanyia heshima, na kama amekosea angependa kujua.”

Nyaraka za Friesland zimehifadhiwa katika taasisi iitwayo Tresoar, mtaa wa Boterhoek, hatua chache kutoka mnara wa Oldehove, ule ulioanza kujengwa mwaka 1529 ukainama kabla haujakamilika na kuachwa hivyo hivyo hadi leo. Tulifika asubuhi, mvua ya manyunyu ikinyesha kwa mshazari. Mtumishi wa chumba cha kusomea, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alituketisha mbele ya mashine ya mikrofilamu, akaniuliza kama nilikuwa na uzoefu wa majina ya kabla ya mwaka 1811, kwa kuwa hapo ndipo wageni wengi hupotea.

Nilimjibu kwamba majina hayo yalikuwa kama ya kwetu, na nilimaanisha hivyo. Kabla ya mwaka huo wengi wa watu wa vijijini Friesland hawakuwa na jina la ukoo. Mtoto wa Pieter aliyepewa jina la Jan aliitwa Jan Pieters, na dada yake Trijntje aliitwa Trijntje Pieters. Jan naye akizaa, watoto wake waliitwa Jans, na jina la Pieter likaishia hapo. Mwenzangu wa Amsterdam huchanganyikiwa akiona baba na mwana wasiofanana majina, lakini mimi nimekulia mahali ambapo Asha Juma ni binti wa Juma, na Juma Hamisi ni mwana wa Hamisi, na hakuna anayehitaji kueleweshwa. Katika mkoa wa Holland waliandika hata alama ya kutofautisha mwana na binti, kama bin na binti zetu. Nilipoziona safu zile za majina kwenye kioo cha mashine, nilihisi kama nasikia bibi yangu akihesabu nasaba barazani, fulani wa fulani wa fulani, bila kitabu.

Aliyeubadili utaratibu huo ni Napoleon. Uholanzi ilikuwa imeunganishwa na Ufaransa mwaka 1810, na kwa amri ya tarehe 18 Agosti 1811 kila asiyekuwa na jina la ukoo la kudumu alitakiwa kwenda kwa mkuu wa eneo lake na kulichagua. Madaftari ya Friesland yamesalia. Baba alisimama, akataja jina alilolichukua, kisha wakaandikwa watoto wake na umri wao, na wajukuu kama walikuwapo. Ndiyo maana Friesland imejaa akina Dijkstra, watu wa kwenye tuta la kuzuia maji, na akina Terpstra, watu wa kwenye kilima kilichoinuliwa kwa mikono ya wanadamu ili mafuriko yasifikie nyumba. Hutamsikia Mholanzi akilizungumzia jambo hili bila kusema kwamba watu walichagua majina ya kipuuzi ili kumkejeli Napoleon; nimesoma kurasa nyingi za madaftari hayo na nilichokiona ni watu waliochagua kazi zao, mahali pao au jina la baba yao, kwa makini.

Mkulima wetu alikuwamo, pamoja na watoto watano. Mwanawe aliyekuja kuoa mwaka 1831 aliandikwa kuwa na miaka sita. Baba mwenyewe hakuandikiwa umri, kwa hiyo hapo hatukupata msaada.

Tulihamia kitabu cha ubatizo cha kijiji. Mwaka 1771 tulimkuta pale pale kaka alipomkuta: jina lake, jina la baba, jina la mama. Sikusimama hapo. Niliendelea kuzungusha filamu polepole, mwaka 1772, 1773, 1774, huku mama mkwe ameniegemea begani ingawa hakuweza kuona chochote. Mchungaji wa kijiji hicho aliandika herufi ndogo zilizolala, na herufi s yake ilikuwa ndefu kama f, kwa hiyo kila mstari niliusoma mara mbili. Mwezi wa Machi 1775, chini ya doa la maji lililoenea ukurasani, nilikutana na jina lile lile tena, la baba yule yule na mama yule yule.

Nilimwita mtumishi wa chumba. Aliinama, akasoma, kisha akakaa kwenye kiti cha jirani na kutueleza taratibu. Kwa desturi yao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na jina la babu halikuruhusiwa kupotea. Mwenye jina akifa mchanga, mvulana anayefuata ndiye hulipokea. Niliuliza kama haikuwezekana wote wawili wakawa hai, na akakubali kwamba iliwezekana pale mababu wote wawili walipokuwa na jina moja, kwa kuwa kila mmoja alistahili wajina wake. Tukatafuta. Babu mzaa mama alikuwa na jina jingine kabisa, na lilikuwa limepewa mtoto wa mwaka 1778. Kitabu cha mazishi cha miaka hiyo hakikuwapo kijijini hapo, kwa hiyo mtoto wa 1771 hana tarehe ya kufa popote. Kinachotujulisha kwamba alikufa ni jina lake kupewa mdogo wake. Karani wa 1829 hakuwa amekosea.

Nilimgeukia mama mkwe nikitarajia ahuzunike kwa ajili ya kaka yake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. “Kwa hiyo hata yeye alikuwa wa pili,” akasema.

Miaka tisa nilikuwa nimeishi nao na sikuwa najua. Tulipokuwa tukinywa kahawa kwenye mkahawa wa jirani alinisimulia kwamba wazazi wake walikuwa wamezaa binti mwaka 1925, akafa kabla hajatimiza mwaka, na yeye alipozaliwa mwaka 1928 akapewa jina la marehemu lote, pamoja na jina la kati. Utotoni kila Jumapili alipita kwenye njia ya kokoto ya uwanja wa kanisa, juu ya kilima, na kuliona jina lake limechongwa katika jiwe dogo. Kwao kaburi hukodiwa kwa muda, na jamaa wasipolilipia tena huondolewa na mahali pake hupewa mwingine. Jiwe lile liliondolewa katika miaka ya sitini, wakati wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na hakuna aliyemuuliza. Mimi niliyelelewa kuyaheshimu makaburi ya wazee, ambayo tunayafyekea majani na kuyasomea dua mwaka hata mwaka, sikupata neno la kumwambia. Nilimmiminia kahawa nyingine.

Jioni ile, tulipofika nyumbani kwake, aliomba daftari na penseli. Kaka yake alikuwa ameandika katika nasaba wale tu walioacha watoto, kwa hiyo wachanga waliokufa hawakuwamo. Alinitaka nimwongoze mkono hadi kwenye mahali pa mkulima, na kando yake akaandika jina lile lile na mwaka 1771, kwa herufi kubwa zilizopinda kwa sababu ya macho. Kisha akafungua kurasa za mwanzo, akapapasa hadi kwenye jina lake mwenyewe, yeye aliye kilembwekeza wa mkulima yule, na juu yake, penye nafasi nyembamba, akaliandika tena jina hilo na mwaka 1925. Aliniuliza kama linasomeka. Nilimjibu kwamba linasomeka.