Kabla ya kumkanda, muulize anatumia dawa gani

Tanga hatujawahi kukosa mikono. Kila mtaa una bibi anayejua kukanda mzazi, na kusingwa si habari ngeni kwetu. Kwa hiyo mtu akiandamwa na wasiwasi au sonona, wazo la kumchua huja lenyewe. Wazo zuri, ila liende sambamba na dawa na kliniki. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2016 lilitumia dakika 45, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6, na wasiwasi ulipungua kuliko kwa walioguswa juujuu tu. Kwa hiyo usitegemee siku moja.

Omba ruhusa kabla ya kugusa, na mlango usifungwe kwa ufunguo. Aliyewahi kupigwa au kubakwa anaweza kushtuka mgongo ukiguswa. Kwake anza na viganja na nyayo, nguo zikiwa mwilini. Mafuta ya nazi vijiko viwili vya chakula yanatosha mgongo. Asubuhi za Julai yakiganda, tumbukiza chupa kwenye maji ya moto, kisha jaribu joto lake mkononi mwako. Ya karafuu mimi siyataki, yanawasha. Panda polepole kutoka kiunoni hadi mabegani, kando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mfupa wenyewe.

Sasa dawa, na hapa ndipo wengi huharibu. Amitriptilini, dawa ya sonona, na klopromazini, dawa ya magonjwa ya akili, huweza kushusha presha mtu anaposimama. Ukimwinua ghafla baada ya nusu saa ya kulala, anaweza kuanguka. Mkalishe ukingoni mwa kitanda dakika tatu kwanza.

Anayechomwa sindano ya mwezi ya dawa ya akili, uliza amechomwa tako gani, na pale usipachue. Dawa ile imewekwa msulini ili itoke kidogo kidogo, ukiisugua unaivuruga.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usiuguse kabisa, huenda ni damu iliyoganda. Apelekwe hospitali.

Na anayetumia haloperidoli, nayo dawa ya magonjwa ya akili, shingo ikipinda ghafla, macho yakaelekea juu au ulimi ukakakamaa, watu hukimbilia chupa ya mafuta, wengine husema ni jini. Ile ni dawa imekaza misuli, na hailegei kwa kuchuliwa. Mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni usiku, na ubebe pakiti ya dawa zake.